Kireno cha Mapokezi: Kumhudumia Mteja na Kumwekea Nafasi Bila Kuijua Lugha Yote

Maswali huja yale yale. Nianze na sarufi au maneno? Nijifunze Kireno cha Ureno au cha Brazili? Nimesema bom dia, mteja akachangamka na kuanza kumwaga maneno, sasa nifanyeje? Mwongozo huu ni wako wewe unayekaa mapokezi, unayepokea simu au kujibu ujumbe wa wateja. Si kozi ya lugha. Ukiumaliza hutaweza kubishana siasa na mtu wa Lisbon, lakini utaweza kumwandikia meza ya watu wanne Alhamisi usiku, na hiyo ndiyo kazi yako.

Elewa jambo moja mapema. Katika kazi hii sarufi mbovu haimfukuzi mteja. Kinachomfukuza ni kufika na kuambiwa nafasi yake ilikuwa jana. Ndiyo maana hapa chini siku, saa na majina vimepewa nafasi kubwa, na vitenzi nimevigusa kwa juu tu.

KABLA HUJAANZA, UWE NA VITU HIVI

- Daftari au fomu ya kuandikia nafasi, yenye mistari ile ile kila siku: siku, tarehe, saa, watu, jina, simu.
- Kalenda ya karatasi inayoonekana kwa wewe na mteja. Kidole juu ya tarehe kimeokoa nafasi nyingi kuliko kamusi.
- Simu ya kurekodi sauti yako mwenyewe.
- Orodha ya huduma mnazotoa kweli: aina za vyumba au meza, saa za kufungua, bei, masharti ya kughairi. Usijifunze neno la bwawa la kuogelea kama hamna bwawa.
- Sauti ya kusikiliza kila siku, hata kwa muda mfupi. RTP, shirika la utangazaji la umma la Ureno, lina redio na televisheni. Kwa Brazili, matangazo yao hayana shida kupatikana mtandaoni.

HATUA YA 1. CHAGUA KIRENO CHA WATEJA WAKO

Usianze na kozi iliyo karibu. Anza na orodha ya wageni. Wanatoka wapi? Kireno ni lugha rasmi ya Ureno, Brazili, Angola, Msumbiji, Cabo Verde, Guinea-Bisau, São Tomé na Príncipe na Timor Mashariki. Kwa maandishi na maneno ya ofisini, nchi za Afrika hufuata zaidi desturi ya Ureno. Brazili ina njia yake. Watu wa pande zote wanaelewana, kwa hiyo usikose usingizi, ila chagua upande mmoja wa kuzungumza na mwingine uutambue tu unapousikia.

Maneno ya kazini yanayotofautiana, la kwanza la Ureno, la pili la Brazili:

- kifungua kinywa: pequeno-almoço / café da manhã
- choo na bafu: casa de banho / banheiro
- simu ya mkononi: telemóvel / celular (Msumbiji pia utasikia celular)
- orodha ya vyakula: ementa / cardápio
- basi: autocarro / ônibus
- treni: comboio / trem
- miadi: marcação / agendamento
- jina la ukoo: apelido / sobrenome

Hilo la mwisho lina mtego. Ukimwuliza Mbrazili apelido yake, umemwuliza jina la utani, na huenda akakutajia lile analoitwa na rafiki zake. Mtego mwingine: kwa foleni sema fila, inaeleweka kote. Neno bicha, ambalo baadhi ya watu wa Ureno hulitumia kwa foleni, Brazili ni tusi. Na orodha ya vyakula ukiiita menu, hakuna atakayeshangaa.

HATUA YA 2. FUNDISHA SIKIO KABLA YA ULIMI

Msemaji wa Kiswahili anaanza na mtaji: irabu tano anazo, na nh ya Kireno ni ny yetu ile ile. Senhor husomeka karibu na senyor. Mengine ya kuzoea ni haya:

- ch ni sh. Chave (ufunguo) ni shave. Chegada (kuwasili) ni shegada.
- ç ni s. Março, almoço, preço.
- h mwanzoni haisomwi. Hora ni ora, hotel ni otel.
- lh ni l na y zikishikana, kama katika bilhete, yaani tiketi.
- j, na g ikifuatwa na e au i, ni sh iliyotiwa mtetemo kooni. Hoje (leo), jantar (chakula cha usiku).
- ão ni au inayopita puani: não (hapana), cartão, confirmação.
- m ya mwisho haifungi midomo. Sim (ndiyo) si simu, na bom si bomu. Ipitishe puani, uishie hapo.

Tofauti ya Ureno na Brazili utaisikia vizuri katika duas noites, yaani usiku mbili. Mreno humeza irabu na kumalizia kwa sh: duash noitsh. Mbrazili huifungua na kugeuza t kuwa ch: duas noichis. Rudia hizo mbili mpaka zote zikuingie kama neno moja, maana wiki hiyo hiyo utazisikia zote.

HATUA YA 3. SALAMU NA HESHIMA

Bom dia ni mpaka adhuhuri, boa tarde mpaka jua lizame, boa noite giza likiingia. Boa noite si ya kuagana peke yake. Mgeni akiingia saa tatu usiku, mpokee nayo bila wasiwasi.

Kisha: Em que posso ajudar? Nikusaidie nini?

Mwite mteja o senhor kama ni mwanamume, a senhora kama ni mwanamke. Ukitumia você kwa Mbrazili hakuna tatizo, lakini kwa Mreno usiyemjua inaweza kusikika kavu, hata kama ya dharau kidogo. Ukishikilia o senhor na a senhora popote hutakosea.

Kushukuru kunafuata jinsia ya anayeshukuru, si ya anayeshukuriwa. Mwanamume husema obrigado, mwanamke obrigada. Dada wa mapokezi husema obrigada hata akimwambia babu mwenye ndevu.

Tahadhari: Mbrazili anaweza kukujibu Pois não. Ina não ndani yake lakini maana yake ni ndiyo, karibu, nakusikiliza. Usiondoke ukidhani umekataliwa.

HATUA YA 4. KARIRI MASWALI SITA, KWA MPANGILIO ULE ULE

Hapa ndipo kazi ilipo. Usikariri sentensi mia. Kariri hizi, zifuatane kama fomu yako ilivyopangwa:

1. Para que dia? Kwa siku gani?
2. A que horas? Saa ngapi?
3. Para quantas pessoas? Kwa watu wangapi?
4. Quantas noites? Usiku ngapi? (kwa malazi)
5. Em que nome fica a reserva? Nafasi iandikwe kwa jina gani?
6. Qual é o seu número de telefone? Namba yako ya simu ni ipi?

Wenye malazi waongeze: Cama de casal ou duas camas? Kitanda kimoja cha wawili au vitanda viwili? Majina ya aina za vyumba hutofautiana nchi na nchi, lakini swali hili halina utata popote. Wenye mgahawa waongeze: Tem alguma alergia? Una mzio wa chochote? Majibu ya kuyatambua haraka ni amendoim (karanga), leite (maziwa), ovos (mayai), na marisco (kamba, kaa na jamii yao), ambayo Mbrazili huita frutos do mar.

Siri ya maswali haya ni kwamba kila moja hujibiwa kwa neno moja au mawili. Ukiuliza "ungependa tukusaidieje kuhusu safari yako?" utapewa hotuba. Uliza swali jembamba, upate jibu jembamba.

Ukimuuliza Quer pequeno-almoço? huenda usisikie sim kabisa. Watajibu Quero, nataka. Tem reserva? Tenho, ninayo. Wanarudisha kitenzi, na hiyo ni ndiyo kamili. Na usiulize swali la kukanusha. Kwetu "Hutaki kifungua kinywa?" hujibiwa "Ndiyo, sitaki." Mreno atajibu Não, kwa maana hiyo hiyo ya hataki, na kichwa chako kitaigeuza. Uliza moja kwa moja: Quer?

Kuhusu jinsia ya maneno, kariri mafungu manne tu: uma mesa (meza moja), um quarto (chumba kimoja), duas pessoas (watu wawili), duas noites (usiku mbili). Ukitaka vyumba viwili, dois quartos. Kanuni nyingine zitakuja zenyewe.

HATUA YA 5. SIKU NA SAA, MAHALI PANAPOHARIBIKA

Soma hatua hii mara mbili. Wareno huhesabu siku za wiki kwa namba kama sisi, lakini wanaanzia Jumapili, na sisi tunaanzia Jumamosi. Kwa hiyo namba zao ziko nyuma yetu kwa moja:

- segunda-feira, "ya pili", ni Jumatatu
- terça-feira, "ya tatu", ni Jumanne
- quarta-feira, "ya nne", ni Jumatano
- quinta-feira, "ya tano", ni Alhamisi
- sexta-feira, "ya sita", ni Ijumaa
- sábado ni Jumamosi, domingo ni Jumapili

Ukishajifunza kuhesabu um, dois, três, quatro, cinco, akili itakuvuta useme quarta ni nne, basi Jumanne. Sivyo. Ongeza moja, iwe tano: Jumatano. Katika mazungumzo feira huachwa, na katika ujumbe utaona 4ª au 5ª peke yake. Andika orodha hii kwenye karatasi, uibandike karibu na simu.

Saa nayo ina tofauti yake, ya saa sita. Às oito da noite ni saa mbili usiku. Às nove da manhã ni saa tatu asubuhi. Às duas da madrugada ni saa nane usiku wa manane. Ukichanganya kosa la siku na kosa la saa ndani ya nafasi moja, hata mwenyewe hutajua pa kuanzia kuitafuta.

Dawa ni moja: usitafsiri wakati mteja anaongea. Andika namba aliyoitaja kama ilivyo, kwa saa ishirini na nne: 20:30. Wareno wenyewe huandika 20h30. Kuisoma kama saa mbili na nusu ni kazi ya baadaye, ukishakata simu.

Vipande vidogo vya saa:

- e meia ni na nusu: às oito e meia, saa mbili na nusu usiku au asubuhi
- e um quarto ni na robo. Wabrazili hupendelea e quinze
- meio-dia ni adhuhuri, meia-noite ni usiku wa manane

Quarto ni chumba pia. Hivyo um quarto para quarta ni chumba kimoja kwa Jumatano. Ukiisikia na kuielewa bila kusimama, umefika mbali.

Maneno ya siku zilizo karibu: hoje leo, amanhã kesho, depois de amanhã keshokutwa. Manhã bila a mbele ni asubuhi, kwa hiyo amanhã de manhã ni kesho asubuhi. Akisema daqui a oito dias, "siku nane kutoka sasa", anamaanisha wiki moja, na quinze dias ni wiki mbili. Usihesabu kwa vidole. Uliza Que dia do mês? Tarehe ngapi? halafu mwonyeshe kalenda.

Miezi haina shida isipokuwa junho na julho, Juni na Julai, ambazo kwenye simu hufanana. Uliza: Mês seis ou mês sete? Mwezi wa sita au wa saba?

Na mgeni anayewasili usiku wa manane? Akisema anafika às duas da madrugada do dia treze, kitanda chake kinahitajika tangu usiku wa tarehe 12. Wao wana namna nzuri ya kulisema hili, na wewe itumie kuthibitisha: A noite de doze para treze, certo? Usiku wa kuamkia tarehe 13, sawa?

HATUA YA 6. JINA, SIMU NA BARUA PEPE

Usijaribu kubahatisha jina. Sema: Pode soletrar, por favor? Nitajie herufi moja moja.

Irabu zisome kama za Kiswahili: a, e, i, o, u. Wengi wetu tumezoea kutaja herufi kwa Kiingereza, na hapo ndipo e na i zinapobadilishana. Herufi za kukariri kwa nguvu ni gê (g), jota (j), agá (h), quê (q), erre (r), xis (x). Za majina yetu, utakapotakiwa kutaja lako au la kampuni, ni k, w na y: Mreno huiita k capa, Mbrazili huiita cá, w ni dâblio kwa Mreno na dáblio kwa Mbrazili, y ni ípsilon.

Majina ya Kireno ni marefu. Kwa kawaida ukoo wa mama hutangulia na wa baba hufuata mwishoni, na la mwisho ndilo la kuandikia nafasi. Jina likiishia Ferreira dos Santos, liweke kwenye S, maana dos ni kiunganishi tu. Kwa Wabrazili, ukikuta Júnior, Filho au Neto mwishoni, hilo si la ukoo. Limeongezwa kumtofautisha na baba au babu mwenye jina hilo hilo. Angalia neno lililotangulia.

Namba za simu: Mbrazili akisema meia katikati ya namba, ni 6. Sessenta na setenta, 60 na 70, huchanganya hata wazoefu. Omba: Um número de cada vez, por favor, namba moja moja. Chukua na namba ya nchi: Ureno 351, Brazili 55, Angola 244, Msumbiji 258.

Barua pepe: @ ni arroba, nukta ni ponto, kistari ni hífen au traço, na tudo junto ni yote pamoja bila nafasi.

Ukifika kwenye bei, kumbuka wao hutenga maelfu kwa nukta na senti kwa mkato. 1.500,00 ni elfu moja na mia tano. Ukimwandikia 1,500 atasoma moja na nusu, na hapo ubishi wa kwenye kaunta umeshaanza.

HATUA YA 7. KUKUBALI, KUKATAA NA KUBADILISHA

Nafasi ipo: Temos, sim. Au: Está disponível.

Haipo: Infelizmente, nesse dia já não temos. Kwa bahati mbaya, siku hiyo hatuna tena. Usiishie hapo. Ongeza pendekezo hapo hapo: Pode ser na sexta? Inaweza kuwa Ijumaa? Akijibu Pode ser, amekubali. Usisubiri ndiyo nyingine. Akijibu Talvez, au Mreno akasema Se calhar, ni labda, kwa hiyo usiandike kwa kalamu.

Malipo: Com cartão ou em dinheiro? Kwa kadi au taslimu? Arubuni ni sinal.

Kubadilisha ni alterar, kughairi ni cancelar. Kwa miadi, kuweka ni marcar na kufuta ni desmarcar. Tega sikio mwanzoni mwa neno hilo la pili. Mreno humeza des mpaka ibaki upepo tu, nawe unaweza kumwekea miadi mpya mtu aliyepiga kuifuta. Ukiwa na shaka: Quer marcar ou cancelar?

HATUA YA 8. MSOMEE ULICHOANDIKA

Kila mara. Hata kama ni rahisi. Hata kama kuna foleni. Mazungumzo ya simu, mwanzo hadi mwisho, huenda hivi:

— Boa tarde. Em que posso ajudar?
— Boa tarde. Queria reservar uma mesa para quinta, às oito e meia.
— Que dia do mês?
— Dia catorze.
— Para quantas pessoas?
— Quatro.
— Em que nome fica a reserva?
— Santos.
— E o seu número de telefone?
(anataja)
— Então, confirmo: quinta-feira, dia catorze, às vinte e trinta, mesa para quatro, em nome de Santos. Certo?
— Certo. Obrigada.
— Obrigado. Até quinta!

Tazama alichofanya mhudumu. Alisikia quinta lakini hakuridhika nayo, aliomba tarehe. Alisikia oito e meia akairudisha kama vinte e trinta, yaani 20:30, ili asubuhi na usiku visigombane. Siku na tarehe zisipokubaliana kwenye kalenda, mmoja wenu amekosea, na mtajua mteja akiwa bado kwenye laini.

HATUA YA 9. SIMU NA UJUMBE

Mreno akipokea simu yako atasema Estou? au Está lá? Mbrazili atasema Alô? Zote ni haloo. Wewe jitambulishe: Bom dia, fala da recepção do hotel, kisha utaje jina la hoteli. Kumwomba asubiri: Um momento, por favor. Não desligue.

Kwenye ujumbe, hifadhi muundo huu, ubadilishe taarifa tu:

Boa tarde, Sra. Santos. Confirmamos a sua reserva: quinta-feira, dia 14, às 20h30, mesa para 4 pessoas, em nome de Santos. Para alterar ou cancelar, responda a esta mensagem. Obrigado.

Barua pepe ya Ureno ifunge kwa Com os melhores cumprimentos, ya Brazili kwa Atenciosamente.

Programu za kutafsiri zinasaidia, ila usiziamini kwa saa. Ukiandika "saa mbili usiku" inaweza kukurudishia saa mbili kweli, na mgeni akaona mkahawa unafunguliwa usiku wa manane. Andika 20:00 kwanza, ndipo utafsiri. Nyingi pia huelekea Kireno cha Brazili.

HATUA YA 10. MAZOEZI

Jirekodi ukiuliza maswali sita, acha ukimya wa kutosha jibu baada ya kila swali, kisha cheza rekodi na ujibu kama mteja, kila mara kwa siku na saa tofauti. Andika majibu kwenye fomu halisi. Fanya hivyo njiani, jikoni, popote. Kusoma orodha kimya kimya hakusaidii sana.

MAMBO YAKIKWAMA

Anaongea haraka mno. Desculpe, ainda estou a aprender português. Pode falar mais devagar? Samahani, bado najifunza Kireno. Unaweza kuongea polepole zaidi? Mbrazili angesema estou aprendendo, lakini atakuelewa. Kama hujaelewa, sema Não entendi, inafaa kote. Usitikise kichwa na kutabasamu; kwake hiyo ni ndiyo.

Simu ina kelele na husikii kitu. Pode mandar uma mensagem escrita? Anaweza kutuma ujumbe wa maandishi? Wengi hukubali kwa furaha, nawe unabaki na ushahidi.

Amefika na nafasi yake haionekani. Kwanza: Tem o número da reserva? (Una namba ya nafasi?) au Posso ver a confirmação? (Naweza kuona uthibitisho?) Kisha tafuta kwa ukoo wa katikati, halafu kwa jina la kwanza. Bado? Angalia siku moja kabla, maana kosa la quarta na Jumanne huangukia hapo. Bado? Angalia saa sita mbele au nyuma. Ukiipata: Já encontrei. Peço desculpa pela demora. Nimeipata, samahani kwa kukuchelewesha.

Umezoea Kihispania na kinakutoka chenyewe. Wengi watakuelewa, lakini wapo wasiopenda kuchanganywa na majirani. Ni bora Kireno kibovu chenye por favor kuliko Kihispania fasaha. Na usimwambie Mreno au Mbrazili gracias, asante ya Kihispania.

Mteja amekasirika. Msikilize amalize, kisha: Peço desculpa pelo incómodo. Vou já tratar disso. Samahani kwa usumbufu, nalishughulikia sasa hivi. Kama uwezo huna: Vou chamar o responsável, namwita msimamizi. Kama unafanya kazi ndani ya Ureno na mteja akadai o livro de reclamações, hicho ni kitabu cha malalamiko ambacho sheria inawataka wafanyabiashara wawe nacho na wampe mteja anapokiomba. Usibishane wala usisingizie kimepotea. Mpe, na kalamu juu yake.